Mchoma Kuku wa Katoyi Anayekataa Kuitwa Mjane

Ni Jumamosi asubuhi mtaani Katoyi, magharibi mwa mji wa Goma. Jua bado limejificha, moshi umetanda juu ya mapaa ya bati, na katika uwanja mdogo uliozungushiwa ukuta wa mawe meusi mwanamke mmoja amechutama mbele ya mbabula mbili, yale majiko ya bati ya makala, kama wanavyoita makaa huku. Anapepea kwa kipande cha katoni.

Hapepei kwa nguvu. Anapepea kama mtu anayemfukuzia nzi mtoto aliyelala.

Jina lake ni Athanasie, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Masisi. Mtaa mzima unamjua kwa kazi moja tu: kuchoma kuku asiyekauka.

"Moto ya haraka ni mwizi," anasema bila kuinua macho. "Inabeba maji yote ya nyama, inakuachia ngozi na mifupa. Kiisha watu banasema kuku ilikuwa mubaya. Kuku haikuwa mubaya. Ni wewe ulikuwa na haraka."

Mbabula ya kushoto ina makala yaliyoiva, mekundu, kama za watu wote. Ya kulia ukiichungulia utadhani unafanyiwa utani, maana imejaa mawe. Ni mawe ya volkano, yale yale yaliyomwagika mjini mlima ulipotapika, ambayo watu wa Goma wameyajengea kuta na vyoo. Athanasie huyachagua madogo madogo, huyaanika juani mpaka yakauke kabisa, kwa sababu jiwe lenye maji likikutana na moto hupasuka na kumrukia mtu usoni. Chini ya mawe huweka makala machache. Juu yake huweka wavu, na juu ya wavu kuku aliyepasuliwa mgongoni na kubandikwa bapa kama kitabu kilichofunguliwa.

Pembeni amesimama Kahambu, mfanyabiashara wa unga wa mihogo kutoka Butembo, beseni mkononi. Ameagiza kuku wawili kwa sababu leo wageni wanakuja kumuona binti yake, na mambo ya wakwe hayataki aibu.

"Mama Éphraïm, sema tu, unaweka nini ndani?" Kahambu anauliza, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Sitamwambia mutu. Nitakwenda nayo kaburini."

"Chumvi."

"Chumvi hata mimi niko nayo! Na yangu inatoka kama ndala ya muzee!"

Athanasie anacheka, kicheko kifupi kinachokatika kabla hakijafika machoni. Wanaomfahamu wanasema zamani alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta.

Kusema kweli, siri haipo. Jioni ya kuamkia siku ya kuchoma, kuku hulazwa ndani ya maji yenye chumvi, vitunguu saumu vilivyopondwa na ndimu. Asubuhi hutolewa, hufutwa kwa kitambaa mpaka ngozi inakuwa kavu, kisha hupakwa mafuta kidogo. Hulala kwanza juu ya mawe, mifupa chini, akifunikwa kwa sufuria kuukuu, aive taratibu kwa joto lisilo na hasira. Ngozi huonjeshwa makala mekundu mwishoni kabisa, ipate rangi tu. Athanasie hamgeuzi kuku kwa uma. Anamgeuza kwa vidole vyake, vilivyokwisha kuwa vigumu kama kwato, kwa sababu kila tundu ni mlango wa kutokea maji. Kuku akiiva, humfunga ndani ya jani la mgomba na kumweka kwenye kikapu chenye nguo nzito, atulie.

"Hapo ndiyo watu banakosa," anasema. "Banaitoa kwa moto, banakata paapo. Maji inakimbia yote kwa sahani. Iache ipumuzike kwanza. Kwangu mimi inaweza kungoja saa na saa, na ukiifungua bado inatoa maji."

Kuku anayeweza kungoja. Kazi yote ya Athanasie ilianzia hapo, na machozi yake pia.

Alipoolewa na Nsanzimana, miaka mingi iliyopita, hakujua kuchoma kuku kuliko mwanamke mwingine yeyote. Nsanzimana alikuwa dereva wa lori. Alipanda Masisi na mizigo ya dukani, akashuka na viazi, maharagwe na jibini. Barabara ile haijui saa. Mvua ikinyesha lori linazama kwenye matope, na kama si mvua ni bariere, kizuizi cha barabarani, na kama si bariere ni tairi. Akisema atafika saa kumi na mbili jioni, mkewe alijua maana yake ni wakati wowote kabla ya jogoo.

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Nyumbani kwa Athanasie methali hiyo haikuwahi kupewa kiti. Fungu la Nsanzimana liliwekwa kwanza kabla ya watu kula, likafunikwa. Ila lilikuwa linakauka, na yeye hakupenda kuku mkavu. Hakugomba. Alitafuna tu, akaomba maji, akatafuna tena, akaomba maji tena.

"Hiyo maji ndiyo ilinikasirisha," anasema Athanasie. "Afazali angesema. Nikajiapia, huyu bwana atakula kuku yangu siku moja bila kuomba maji."

Akaanza kujaribu. Alijaribu kupunguza makala, nyama ikabaki mbichi kwenye paja. Alijaribu kuku wa kuchemshwa kwanza, akaambiwa na watoto kwamba ana ladha ya sabuni. Siku moja makala yalipungua akayachanganya na mawe ya ukuta ili moto usizime, na jioni ile Nsanzimana alikula mpaka akamaliza, akaramba vidole, akauliza kama kuna mwingine. Maji hakuomba. Majirani wakasikia, wakaanza kumletea kuku wao awachomee, na hivyo ndivyo mke wa dereva alivyogeuka mchoma kuku wa mtaa.

Hiyo ilikuwa zamani, wakati Goma ina makelele ya ndege uwanjani na harusi kila Jumamosi.

Mwezi Januari mwaka wa vita kuingia mjini, Nsanzimana alipanda lori lake kama kawaida. Siku ya pili alipiga simu akiwa ng'ambo ya mji mdogo wa Sake. Mkewe anayakumbuka maneno yote, kwa kuwa hayakuwa mengi. "Mutangulie kula," alimwambia. "Nitachelewa."

Hakurudi. Baada ya bunduki kunyamaza, dereva mwenzake alileta habari kwamba aliliona lori limeungua kando ya barabara, milango wazi, ndani hamna mtu. Athanasie alizunguka hospitali zote. Aliingia mahali pa kuwekea maiti akiwa ameziba pua kwa kitenge, akawatazama watu wa watu mmoja mmoja usoni, akatoka hajamuona wake. Aliuliza kwa walinzi wa magereza, kwa mapadri, kwa madereva, kwa wachuuzi wa maziwa wanaotembea kwa miguu kutoka milimani. Namba ya simu ya mumewe bado anaipiga. Sauti ya mwanamke humjibu kwa Kifaransa kwamba haipatikani.

Hali ya maisha nayo haikumhurumia. Benki zilifunga milango, wenye harusi wakaahirisha, na gunia la makala, anasema, limepanda bei karibu mara mbili. Kwa kuku mmoja anayeletwa na mwenyewe, hulipwa franka elfu tano. Zamani wiki nzuri ilimletea kuku ishirini. Sasa akipata sita anapiga goti.

"Njaa ninaijua, haiwezi kunifundisha kitu," anasema. "Ile yenye inanimaliza ni kukosa kujua. Mutu akifa unalia, unanyamaza. Mutu akiwa muzima unamungoja. Mimi niko katikati. Katikati hakuna kiti."

Ili kuelewa jambo linalomtesa zaidi, msomaji inabidi ajue habari ya firigisi.

Katika ukoo wa Nsanzimana, kama katika nyumba nyingi za pande hizi, firigisi ya kuku ni ya baba. Mtoto haigusi, mama haionji. Baba akiwa safarini hutunziwa. Baba akifariki, siku ya kuondoa matanga, yaani siku jamaa wanapokutana kufunga msiba, kuku huchomwa na firigisi hupewa mtoto wa kwanza wa kiume mbele ya watu wote. Akiimeza, nyumba imepata mwenyewe mwingine, na marehemu ameagwa.

Tangu Januari ile, kila kuku aliyeliwa nyumbani kwa Athanasie firigisi yake ilifunikwa kwenye sahani pamoja na paja moja. Asubuhi alilitupa paja na firigisi, hakuna aliyeuliza. Watoto wadogo walizoea.

Ikafika Pasaka. Athanasie alichoma kuku, akamwalika shemeji yake, Habarurema, mdogo wa Nsanzimana, fundi wa kujenga anayekaa mtaa wa Mapendo. Walikula, wakasali, wakatoka kukaa uwanjani. Sahani ilibaki mezani, imefunikwa.

Éphraïm, mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka ishirini anayeendesha pikipiki ya abiria, hakuwapo. Ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba siku hizo, na hurudi akiwa amelowa, amechoka, hana hata nguvu ya kusema hodi. Siku ile alipita mlango wa nyuma, akaona sahani iliyofunikwa. Sahani iliyofunikwa ni ya mwenye kuchelewa. Na nyumbani humo, tangu Januari, mwenye kuchelewa alikuwa yeye.

Akakaa, akala paja, akala na firigisi.

Aliyemuona kwanza ni Habarurema, aliyeingia kutafuta maji. Alisimama mlangoni akamtazama kijana akitafuna, kisha akasema kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote, "Basi. Imekwisha."

Athanasie aliingia mbio. Anachokisema sasa anakisema akiyatazama makala.

"Nilimupiga. Mutoto mukubwa vile, mwenye kunilisha. Nilimupiga kwa mudomo yenye ilikuwa na chakula. Nikamwambia, umemuua baba yako. Ni mimi nilisema hivyo, kwa kinywa changu."

Kijana alitema kilichobaki, akawasha pikipiki yake, akaenda. Tangu siku hiyo analala mtaa wa Keshero, chumba kimoja na madereva wenzake. Pesa ya chakula huileta kwa mlango wa jirani. Mlango wa mama yake hajaukanyaga.

Ndiyo maana Jumamosi hii, wakati kuku wa Kahambu yuko juu ya mawe na Habarurema anasukuma geti la bati na kuingia, kofia mkononi, Athanasie anaacha kupepea. Shemeji yake si mtu wa kuja asubuhi bila neno.

"Shemeki, karibu."

"Asante, Mama Éphraïm. Sitakaa." Anaizungusha kofia kwenye vidole. "Nimetumwa na Mama. Amesema siku ya Mungu, si ya kesho, ile Jumapili ya wiki yenye inakuja, tuondoe matanga. Anaomba ni wewe uchome kuku."

"Matanga ya nani?"

"Mama Éphraïm, tafazali…"

"Ninauliza. Matanga ya nani?"

Kahambu anateremsha beseni chini taratibu. Hakuna anayemtazama.

"Mama hana meno, macho imekwisha, na siku zake zinakwisha vilevile," anasema Habarurema. "Anataka alale akijua mutoto wake ameagwa. Hata mimi hainifurahishi. Alikuwa kaka yangu mbele awe bwana yako."

"Ulimuona? Ulimuzika?"

"Hapana."

"Basi unamuaga aende wapi?"

Habarurema anavaa kofia yake. Si mtu mkali, na maneno yanayofuata yanamtoka kwa taabu. "Firigisi ilishaliwa, shemeki. Wewe mwenyewe ulisema kwa sauti kama baba yake ameuawa, majirani bakasikia. Mbele ya ukoo, ile nyumba imekwisha kupata mwenyewe. Kilichobaki ni kusali."

Anaondoka. Athanasie amekaa vile vile, katoni mkononi, mpaka Kahambu anapopiga kelele: "Aa! Mama, kuku!"

Kuku wa pili, aliyekuwa kwenye makala mekundu, ameungua ubavu mzima. Ngozi imekuwa nyeusi. Katika miaka yote ya kuchoma kuku wa watu, hilo halijawahi kumpata, naye anautazama ubavu ule kana kwamba umeunguzwa na mtu mwingine.

"Leta hivyo hivyo," anasema Kahambu, akimtoa kwenye wavu mwenyewe. "Nitawapa upande ule mwingine. Wakwe banaangalia binti, hawaangalii ubavu."

Wiki inayofuata ni nzito. Akienda Mapendo kuchoma, atakuwa amemzika mumewe kwa mikono yake mwenyewe, bila mwili, bila kaburi. Asipoenda, mama mzee aliyemzaa mumewe atakufa na kwikwi kifuani, na ukoo utasema ni yeye aliyemnyima. Anakwenda kwa katekista, ambaye anamwambia asali. Anasali. Mbingu nazo zina shughuli zao.

Jumamosi jioni, anasimulia, alikuwa bado hajaamua, lakini mikono ilikuwa imekwisha kuponda vitunguu saumu. Akaona hata kama haendi, kuku hawezi kulazwa bila chumvi.

Mapendo, Jumapili mchana. Turubai limefungwa kati ya kuta mbili, viti vya plastiki vimepangwa, na juu ya meza yenye kitambaa cheupe kuna picha ya Nsanzimana iliyokuzwa kutoka leseni yake ya udereva. Anatazama mbele kwa uso wa mtu aliyeambiwa asicheke. Wanaume wamekaa upande mmoja na Habarurema. Éphraïm amefika, lakini amesimama getini kando ya pikipiki yake, shati limechomekwa, mikono mgongoni. Mama na mwana wanaonana kwa mbali. Hakuna anayesogea.

Athanasie amekuja na mbabula zake na mawe yake. Amejificha nyuma ya nyumba na moto, na hapo ndipo anapoletwa Umwiza, mama mkwe wake, akishikwa mkono na mjukuu. Kikongwe anakaa juu ya kigoda karibu na moshi.

"Athanasie, ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Umenikasirikia."

Athanasie anahamisha jiwe kwa kijiti.

"Unajua tangu Januari mimi sijalia?" anasema Umwiza. "Nikianza, banasema: nyamaza Mama, mutoto hajakufa, utamuletea mukosi. Nikinyamaza, banasema: Mama amekwisha kumusahau. Mimi sitaki kumuzika mutoto wangu. Nani anataka? Nataka tu munipe ruhusa nilie."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Athanasie anasema maneno yale yalimpiga kifuani kama jiwe lililopasuka, kwa kuwa aliyekuwa akimnyamazisha bibi yule kuliko watu wote ni yeye. Kila alipomtembelea na kumkuta midomo inatetemeka, alimkatiza: Mama, usilie, bwana yangu iko. Alikuwa akilinda tumaini lake, na kumbe alikuwa amekalia machozi ya mtu mwingine.

Mbele, chini ya turubai, katekista ameanza sala. Ni sala ndefu. Athanasie anaichukua firigisi kutoka kwenye wavu. Ilikwisha kuiva, lakini firigisi ni ngumu hata kwa mwenye meno. Anaikata vipande vidogo, anavikata tena, anavitia kwenye sufuria ndogo pamoja na maji yaliyodondoka kutoka kwa kuku, anafunika na kuipachika juu ya mawe. Watu wakisema amina, anapepea. Wakisema amina tena, anachungulia. Inapolainika mpaka inabonyea kwa kidole, anaipakua.

Kuku wanagawiwa. Habarurema anasimama, anakohoa. "Éphraïm, karibia."

Kijana anatoka getini. Anatembea kama mtu anayepelekwa kwenye sindano, midomo ameikaza mpaka imekuwa myeupe. Mama yake anatokea nyuma ya nyumba na sahani ndogo mikononi. Chini ya turubai vichwa vinageuka. Hata watoto wanaacha kutafuna.

Anampita mwanawe. Anawapita wanaume. Anapiga magoti mbele ya kigoda cha Umwiza, ambaye amerudishwa na kuketishwa mbele ya picha asiyoiona.

"Mama, fungua mukono."

"Hii ni nini?"

"Ni firigisi ya mutoto wako. Ulimuzaa sisi wote hatujamujua. Yeye hayuko, na mimi siwezi kumupatia mutu mwingine kiti yake. Kula wewe. Kiisha ulie, Mama. Lia vile unataka."

"Tangu lini mwanamuke anakula firigisi?" mzee mmoja anauliza kutoka upande wa wanaume, na wengine wanaguna. Habarurema anamtazama mama yake, anakaa chini.

Umwiza anatia kipande mdomoni. Anakizungusha kwa fizi muda mrefu. Umri wote ule, mwanamke aliyepika kuku wasiohesabika, na alikuwa hajawahi kujua ladha yake. "Mbona ni laini?" anauliza kwa mshangao wa mtoto. Halafu uso wake unavunjika. "Mwana wanjye," anaita, kwa Kinyarwanda cha milimani, mwanangu mimi, "mwana wanjye," na kilio kilichokaa kifuani tangu Januari kinatoka chote, kikavu na kikubwa kuliko mwili wake. Wanawake wanampokea. Nyumba nzima inalia.

Athanasie halii. Anarudi nyuma ya nyumba, mahali ambapo amesahau kuku wa mwisho juu ya makala, na anasimama tu akiyatazama mawe. Hajui amesimama kwa muda gani.

"Mama," sauti inasema nyuma yake. "Ile ya upande inaungua."

Ni Éphraïm. Hajamwita hivyo tangu Pasaka.

"Igeuze basi," anamjibu, bila kugeuka. "Na usiitoboe."

Kijana anakunja mikono ya shati lake la heshima. Anamgeuza kuku kwa vidole, anaungua, anapuliza vidole, anageuza tena. Hapo ndipo mama yake anakaa chini, palepale kwenye majivu na kitenge chake cha kanisani, na kulia mpaka kichwa kinauma.

Swali la msingi halikupata jibu siku ile. Habarurema anasema matanga yameondolewa, kwa kuwa mama amelia na sala imesaliwa. Athanasie anasema hakuna matanga yaliyoondolewa, kwa kuwa mwenye firigisi hajapewa mrithi. Wazee wa ukoo wamesema watakutana. Umwiza, tangu Jumapili ile, jamaa wanasema, analala usiku kucha.

Athanasie amerudi kwenye kazi yake. Éphraïm bado analala Keshero, lakini leo, Jumamosi ya kwanza baada ya Jumapili ile, amekuja kubeba kuku wa wateja kwa pikipiki yake, na kabla ya kuondoka amekula paja la moto, kasimama, mgongo ameegemeza ukutani. Mama yake amejifanya hatazami.

Wana mpango, ikiwa mji utatulia. Kuna nafasi ndogo kando ya barabara ya Keshero, mwenyewe anaikodisha. Wataweka bati nne, mbabula mbili, na mawe. Yeye atachoma, mtoto atapeleka. Pesa hawajaipata, na mwenye nafasi hangoji milele. "Tukikosa hapo tutakosa," anasema. "Nimekwisha kukosa vitu vikubwa."

Jioni inaingia. Amewagawia watoto wake kuku wa nyumbani, wote, mpaka shingo na firigisi. Firigisi ameikata vipande sawa, kila mtoto akapata chake, na hakuna aliyethubutu kusema kitu. Mezani hakuna sahani iliyofunikwa.

Anaulizwa: je, amekubali kwamba mumewe amefariki?

"Hapana. Usiandike hivyo." Sauti yake inapanda. "Mimi si mujane. Sijui mimi ni nani, lakini mujane hapana."

Na je, Nsanzimana akisukuma geti lile jioni hii, akiwa na njaa?

Athanasie anaitazama njia. Anafuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Nitawasha moto," anasema. "Nitamuchomea ingine, polepole, vile anapenda. Na yeye akae pale, angoje. Ajue vile kungoja iko."